Dola Tano za Bwana Ford

Watu wengi wakisikia jina la Ford hufikiria gari. Mimi hufikiria daftari la mishahara. Labda ni ugonjwa wa kazi, kwa maana mtu aliyekaa miaka kumi na minane akiandika majina ya wafanyakazi upande wa kushoto na shilingi zao upande wa kulia hawezi tena kusoma habari za kiwanda chochote bila kuuliza: hawa nao walilipwaje? Na katika kusoma kwangu sijakutana na mshahara uliosifiwa kuliko ule wa dola 5 kwa siku, ambao kampuni ya magari ya Ford iliutangaza mjini Detroit, Marekani, tarehe 5 Januari 1914. Hadi leo hutajwa kama mfano wa tajiri aliyewakumbuka watu wake. Nataka kuuangalia kwa jicho la karani.

Henry Ford alizaliwa mwaka 1863 karibu na Detroit, katika shamba la baba yake, mhamiaji kutoka Ireland. Kazi ya shamba hakuipenda, alipenda mashine. Mwaka 1896, akiwa mhandisi wa kampuni ya umeme ya Edison, alijitengenezea gari lake la kwanza, lenye magurudumu ya mtindo wa baiskeli. Kampuni yake ya kwanza ya magari ilikufa. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kutoelewana na wenye fedha, nao wakaigeuza kuwa Cadillac. Ya tatu ndiyo hii tunayoijua, iliyoandikishwa tarehe 16 Juni 1903 kwa fedha taslimu kiasi cha dola 28,000. Mengi ya kampuni hiyo nayapita: Mustang ya mwaka 1964, au zile Escort zilizoshinda mbio za Safari mwaka 1972 na 1977, ambazo wenzangu wa rika langu tulizifuatilia redioni kana kwamba dereva ni mjomba wetu. Hayo yana waandishi wake.

Gari lililomfanya Ford kuwa Ford ni Model T, lililotoka Oktoba 1908 kwa bei ya dola 850 hivi. Lilikuwa gari jepesi, refu kwenda juu, lenye kuvumilia njia mbovu, na mkulima aliweza kulitengeneza mwenyewe kwa spana na uvumilivu. Ford hakulibadili mtindo. Alichobadili ni bei, akaishusha mwaka hata mwaka, na ili kuishusha ilimbidi abadili jinsi ya kulitengeneza. Kule Chicago, katika machinjio makubwa, mzoga wa ng'ombe ulining'inizwa kwenye reli ya juu ukapita mbele ya wachinjaji, kila mmoja akakata kipande chake kimoja tu mpaka ng'ombe akaisha. Watu wa Ford waliutazama mtindo huo wakaupindua: badala ya kubomoa ng'ombe, wakajenga gari. Mwaka 1913, katika kiwanda chao cha Highland Park, kazi ilianza kumfuata mtu badala ya mtu kuifuata kazi. Kuunganisha chesisi moja kulikuwa kukichukua saa kumi na mbili na nusu. Mwanzoni mwa mwaka 1914 kulichukua dakika 93.

Hesabu hizo zimeandikwa katika kila kitabu cha biashara. Kinachoandikwa kwa herufi ndogo ni upande wa pili wa daftari. Mtu aliyekuwa fundi, aliyejua kuchonga chuma na kusikiliza injini, sasa alikaza nati moja. Aliyeweka nati hakuikaza, na aliyeikaza hakuiweka. Hakukuwa na kukaa, wala kuzungumza, na mwendo wa kazi haukupangwa naye bali ulipangwa na mnyororo uliopita mbele yake. Wakaacha kazi. Hawakugoma, hawakupiga kelele. Waliondoka tu, mmoja mmoja. Mwaka 1913 kampuni ililazimika kuandika watu zaidi ya 50,000 ili kuwa na watu 14,000 hivi kazini. Wataalamu huiita hali hiyo asilimia 370. Mimi naiona kwa namna nyingine. Namwona karani mwenzangu pale Highland Park akifungua jina jipya asubuhi, akilifuta baada ya siku chache, kisha akiandika jingine juu yake, mpaka karatasi inatoboka.

Basi ndipo zikaja dola 5. Kabla ya hapo malipo ya kawaida yalikuwa dola 2.34 kwa saa tisa za kazi. Sasa yangekuwa dola 5 kwa saa nane. Habari zilienea nchi nzima kwa siku moja. Ilikuwa Januari, na baridi ya Detroit mwezi huo si ya mchezo. Maelfu ya watu wasio na kazi walikuja wakasimama langoni kabla ya kupambazuka. Siku kadhaa baadaye walipoanza kusukumana, walimwagiwa maji kwa mipira ya zimamoto, na nguo zao zikagandia mwilini. Mwezi uleule kampuni iliwafukuza mamia ya wafanyakazi wa Kigiriki na Kirusi kwa kosa la kutofika kazini siku ya Krismasi ya Kiorthodoksi, ambayo kwa kalenda yao huangukia Januari. Mambo haya yalitokea katika mwezi mmoja, na kampuni moja, lakini ni tangazo tu lililobaki katika kumbukumbu za watu.

Sasa tuzitazame zenyewe. Dola 5 hazikuwa mshahara. Mshahara ulibaki uleule wa zamani, na kilichoongezeka kiliitwa mgawo wa faida, ambao mfanyakazi aliupata kama alistahili. Wanawake mwanzoni hawakuhesabiwa. Vijana wa chini ya miaka 22 wasio na wa kuwategemea hawakuhesabiwa. Na waliobaki ilibidi wathibitishe kwamba wanaishi vizuri. Kwa kazi hiyo kampuni iliunda Idara ya Elimujamii, yenye wachunguzi waliotumwa majumbani na mkalimani na daftari, kwani zaidi ya theluthi mbili ya wafanyakazi walizaliwa nje ya Marekani. Waliuliza: umeoa, na una ndoa halali? Una akiba benki kiasi gani? Unadaiwa? Unakunywa? Mbona una wapangaji ndani ya nyumba? Nyumba ni safi? Aliyeshindwa alinyimwa ule mgawo na kupewa muda wa kujirekebisha, na kama miezi sita ilipita hajarekebika aliweza kufukuzwa. Wasiojua Kiingereza walipelekwa shule ya kampuni, na siku ya kuhitimu walitembezwa jukwaani wakiwa na mavazi ya kwao, wakaingia ndani ya chungu kikubwa cha maonyesho, walimu wakakoroga kwa miiko mirefu, wakatoka upande wa pili wamevaa suti na kushika bendera za Marekani. Sikubuni hili.

Kwetu tunalo neno kibarua, ambalo limetokana na barua: cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walikuwa na kipande, kadi ya siku thelathini, na siku isiyotiwa alama haikuwapo duniani. Lakini kibarua na kipande, pamoja na ukali wake wote, vilihesabu kitu kimoja tu: ulikuja au hukuja. Ukirudi kambini jioni, ugali wako na ugomvi wako wa nyumbani vilikuwa vyako. Sisemi kwamba mkonge ulikuwa bora kuliko Detroit. Nani angesema hivyo? Nasema tu kwamba kipande hakikujua jina la mke wako.

Nilikuwa na sababu ya kulitafakari hili. Katika kiwanda cha nguo nilikofanya kazi, wakubwa walianzisha wakati fulani kitu walichokiita posho ya nidhamu. Ilikuwa fedha nzuri, karibu robo ya mshahara wa mtu wa mitambo. Aliipata asiyekosa hata siku moja katika mwezi, na msiba haukuwa udhuru. Tena msimamizi aliweza kuandika neno moja pembeni mwa jina, na neno hilo likaikata. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyasoma maneno hayo na kupiga hesabu. Kulikuwa na mzee mmoja wa mitambo ya kufuma, fundi kwelikweli, aliyekuja dirishani kwangu kuomba fomu ya kuhamia uwanjani, kufagia na kusukuma matoroli, mahali ambapo posho ile haikuwapo. Nilimwuliza, "Mzee, unajua unaacha fedha kiasi gani?" Akanijibu taratibu, "Mwanangu, mshahara ninaujua, ni jasho langu. Hiyo nyingine ni ya bwana, na kila mwezi atakuja kuidai." Nilimpa fomu. Alisukuma matoroli mpaka alipostaafu, na nadhani ndiye mtu pekee kiwandani aliyekuwa akienda mazishini bila kutazama saa.

Wako wanaosema kwamba Ford aliongeza malipo ili wafanyakazi wake waweze kununua magari yake, na hivyo fedha irudi palepale ilipotoka. Maneno matamu, lakini hayapiti kwenye hesabu. Wafanyakazi walikuwa 14,000 hivi, na kiwanda kilitoa magari zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Hata kila mmoja wao angenunua gari jipya kila mwaka, asingefikisha gari moja katika kumi. Sababu imo katika daftari. Kufikia mwaka 1915 wale waliokuwa wakiacha kazi walishuka kutoka asilimia 370 hadi 16 hivi. Karani hakutoboa tena karatasi. Ford mwenyewe baadaye aliandika kwamba malipo yale yalikuwa moja ya njia bora za kupunguza gharama alizopata kuzitumia, nami namwamini. Hapo alikuwa anasema kweli bila mapambo.

Lakini haki ni haki. Dola 5 zilikuwa fedha. Zilinunua nyumba, zilisomesha watoto, zilimtoa mtu katika chumba cha watu wanane. Ford aliajiri vilema ambao wengine waliwakataa, na watu waliotoka gerezani. Baadaye aliajiri Wamarekani weusi wengi kuliko kampuni yoyote ya magari ya wakati ule, ingawa wengi wao walipelekwa kwenye tanuru za kuyeyushia chuma, penye joto na hatari. Mtu aliyepokea bahasha ile Jumamosi na kuipeleka kwa mkewe hakuwa mjinga. Alijua bei yake, akailipa.

Tatizo la fedha ya bwana ni kwamba bwana naye hubadilika. Mwaka 1919 Ford aliwanunua wenye hisa wenzake wote kwa zaidi ya dola milioni 100, akabaki yeye na familia yake, bila mtu wa kumwuliza. Urais wa kampuni alimpa mwanawe Edsel, lakini madaraka hakumpa. Bei za vitu zilikuwa zimepanda baada ya vita, na dola 5 za 1914 hazikununua tena kilekile. Model T liliendelea bila kubadilishwa huku General Motors wakiuza rangi na mitindo mipya kwa mkopo, mpaka Mei 1927 lilipokoma, baada ya magari milioni 15. Kiwanda kikuu kilihamia River Rouge. Wachunguzi wenye daftari walitoweka, na mahali pao pakawa na watu wa Harry Bennett, mkuu wa kile kilichoitwa Idara ya Huduma. Hao hawakuuliza habari za akiba. Walikuwa mabondia, wafungwa wa zamani na wapelelezi, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha hakuna chama cha wafanyakazi.

Tarehe 7 Machi 1932, wakati wa njaa kuu, watu waliopoteza kazi waliandamana hadi Rouge kuomba ajira. Walipigwa risasi na polisi wa Dearborn pamoja na walinzi wa kampuni. Wanne walikufa siku ile, na wa tano alifuata baadaye. Tarehe 26 Mei 1937, Walter Reuther na wenzake wa chama cha UAW walipanda daraja la waenda kwa miguu mbele ya kiwanda kugawa karatasi. Watu wa Bennett waliwapiga, wakawaburuta ngazini, kisha wakageukia wapiga picha ili kunyang'anya sahani za filamu. Mpiga picha wa gazeti la Detroit News alizificha zake, na picha zikatoka.

Aprili 1941 Rouge iligoma. Mwezi uliofuata wafanyakazi walipiga kura, na waliosema hawataki chama chochote hawakufika asilimia 3. Mzee Ford alisemekana kuwa afadhali afunge kiwanda kuliko kutia sahihi. Inasimuliwa kwamba mkewe Clara ndiye aliyemzuia. Juni mkataba ulitiwa sahihi, na kwa mshangao wa wengi ulikuwa mpana kuliko ule wa General Motors au Chrysler. Watu wa Idara ya Huduma walitakiwa wavae sare au beji, ili mtu ajue anayemtazama ni nani. Na ada ya chama, ile aliyokuwa mtu akipigwa kwa kuitaja tu miaka minne nyuma, ilikubaliwa ikatwe kwenye mshahara na kampuni yenyewe, kila mwezi, na kupelekwa kwa UAW. Kwa hiyo yuko karani fulani pale Dearborn ambaye siku moja ya mwaka 1941 alichukua rula, akachora safu mpya katika daftari la Ford, upande wa makato, akaandika juu yake jina la chama.