Kaburi la Nyali na Majina ya Wafu

Mji wa Mombasa umekaa kisiwani, na bara imeuzunguka: Likoni upande wa kusini, Changamwe upande wa magharibi na Kisauni upande wa kaskazini. Mtu akilivuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, huwa amekwisha kukanyaga nchi ya Kisauni. Wengi hushika njia ya Kengeleni, mahali palipopata jina kwa ile kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa mwaka 1875. Lakini huko huko Nyali, karibu na maji yanayotenga bara na kisiwa, liko kaburi lililotangulia kijiji hicho kwa miaka 31, nalo lastahili kusimuliwa.

Kaburi hilo ni la Bibi Rosine Krapf, mkewe Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Uingereza, Church Missionary Society. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule homa ikawaangusha wote wawili. Bibi Krapf alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache, tarehe 13 Julai, akafariki dunia. Mtoto naye akamfuata mamaye. Hakuzikwa kisiwani, penye ngome na nyumba za mawe. Mwenyewe aliomba azikwe bara, kando ya njia ya Wamijikenda, ili kila apitaye alione kaburi lake na kuikumbuka kazi iliyowaleta. Alitaka kaburi liseme baada ya yeye kunyamaza.

Nia kama hiyo ni ya kale sana. Huko Misri, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, kuelekea mji uitwao leo Luxor, wakubwa wa serikali ya Firauni walichimbiwa makaburi milimani. Wafinyanzi walifinyanga vipande vya udongo mfano wa pia, vyenye ncha upande mmoja na uso wa duara upande wa pili. Kabla udongo haujachomwa, uso ule ulipigwa muhuri wenye jina la marehemu na cheo chake: mwandishi, kuhani, au mwangalizi wa ghala za nafaka. Kisha pia hizo zilipangwa safu safu juu ya mlango wa kaburi, ncha ndani ya ukuta, jina likitazama nje. Mmoja wa watu hao ni Merymose, aliyetawala nchi ya Kush, kusini mwa Misri, kwa niaba ya mfalme Amenhotep wa Tatu, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita.

Lakini kuta zilibomoka, pia zikaanguka mchangani, na nyingi zikachukuliwa hata Ulaya na Marekani. Mwaka 1957 wataalamu Davies na Macadam walichapisha kitabu chenye mihuri zaidi ya 600 ya namna mbalimbali. Hata hivyo, wako wengi katika hao ambao makaburi yao hayajulikani. Jina lipo, mahali pake hapapo.

Katika nchi ya Wamijikenda mambo yamekuwa kinyume chake. Mzee wa chama cha Gohu akifa, jamaa zake humchongea kigango, nguzo ya mti mgumu yenye kichwa na mabega, iliyotiwa nakshi za pembetatu. Kigango hakina herufi hata moja; jina la mwenyewe limo vinywani mwa watoto na wajukuu. Wala desturi haikubali king'olewe: wenyewe wakihama, chenyewe hubaki. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani, kwa kuwa ilikuwako picha iliyopigwa vikiwa bado mahali pake, pamoja na mwenyewe aliyevijua. Vingine visivyo na ushahidi wa namna hiyo vimekuwa mabubu: aliye navyo hajui ni vya nani.

Basi kaburi la Nyali limepata mambo mawili ambayo wengi wameyakosa. Jina limeandikwa, na jiwe halikuhamishwa. Kwa sababu hiyo, baada ya miaka zaidi ya 180, mpita njia aweza kusimama pale na kujua aliyelala chini ni nani.

Siku hizi Likoni, Changamwe na Kisauni nyumba zinazidi kuongezeka na mashamba kugawanywa viwanja. Katika mashamba hayo wamelala wazee wengi ambao alama yao ni mawe matupu au mti uliopandwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwenye wazee waliozikwa shambani na aulize majina yao wakati wako wanaoyajua, ayaandike katika daftari pamoja na mahali walipolala, na akiweza aweke jiwe lenye jina. Tena siku ya kuuza shamba, na amwonyeshe mnunuzi makaburi hayo kabla ya kupokea fedha, na mapatano yao yaandikwe.