Kiti cha Hakimu na Benchi la Hospitali

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hukaririwa mno madarasani, lakini uzito wake hudhihirika pale mtu anapojikuta amelala juu ya kitanda kile kile alichokuwa akikicheka. Ndivyo ilivyomfika mzee mmoja wa kanisa mjini Migori mnamo mwaka 2002.

Mzee huyo alikuwa na shemeji, mjane wa nduguye mdogo. Baada ya matanga, wazee wa ukoo walitaka mjane arithiwe kwa mujibu wa mila ya tero. Akakataa. Ili awalishe wanawe, akawa anakwenda Sori, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, kununua omena na kuja kuwauza sokoni. Biashara hiyo ina mtego wake katika fuo za Migori na Homa Bay: wapo wavuvi ambao hawamuuzii mwanamke samaki mpaka akubali pia kuwa mpenzi wao. Mtindo huo huitwa jaboya. Mjane alipoanza kukonda, hukumu zilimjia kutoka pande mbili. Ukoo ulisema ni chira, adhabu ya kuvunja mwiko. Kanisa likasema ni malipo ya uasherati. Mahakama mbili zisizopatana kwa jambo jingine lolote zikatoa uamuzi mmoja. Shemejiye ndiye aliyeongoza kikao kilichomtenga na meza ya Bwana. Katika kikao hicho, hakuna aliyeuliza watoto wamekula nini.

Ikumbukwe kwamba Rais Daniel arap Moi alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Hata hivyo, tangazo hilo halikubadili lugha ya mazishini, ambako marehemu aghalabu alisemekana kuugua kwa muda mfupi. Mwaka 2001, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya VVU bila malipo katika Hospitali ya Wilaya ya Homa Bay, mojawapo ya hospitali za kwanza za umma nchini kufanya hivyo. Dawa zilikuwepo, ila mwenye kuzifuata alilazimika kwanza kupita mbele ya macho ya majirani. Wapo walioyaogopa macho hayo kuliko mauti, wakafika wakiwa wamechelewa.

Mzee naye akashikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Suruali zikampwaya. Hakwenda kwenye kituo kilichokuwa karibu, kwani huko wangemtambua. Alipanda matatu kabla ya mapambazuko, akapita Rongo na Rodi Kopany, akashuka Homa Bay, mji ambao alidhani hana mtu anayemjua. Alipoingia kwenye baraza ya kungojea, mtu wa kwanza kumwona alikuwa shemejiye. Alikuwa amenenepa, na uso wake uling'aa.

Mzee alitaka kugeuka. Mjane akajisogeza, akapapasa nafasi iliyobaki benchini.

"Shemeji, karibu uketi. Leo foleni si ndefu sana."

Hakumwuliza amekuja kumwona nani. Alimwonyesha dirisha la kuchukulia kadi, akammiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Waliporudi Migori, hakumwambia mtu. Si sokoni, si kisimani.

Mzee aliupataje ugonjwa huo? Msomaji anayelisubiri jibu hilo na ajichunguze, kwa maana amekwisha kukikalia kiti cha hakimu. Hata wale wenye huruma hukikalia wanapowagawa wagonjwa mafungu mawili, wasio na hatia na waliojitakia.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni yeye aliyekosa au ni wazazi wake. Yesu aliyakataa majibu yote mawili, kisha akamponya. Swali lao lilitazama nyuma. Yeye alitazama kazi iliyokuwa mbele. Fundisho la boriti na kibanzi katika Mathayo, sura ya 7, halisemi kwamba dhambi haipo. Mwanamke aliyefumaniwa, katika sura ya 8 ya Yohana, alionywa, lakini alionywa baada ya mawe kudondoka. Makanisa mengi yameupindua mpangilio huo: huanza na mawe, na onyo likifika halina wa kulisikia.

Miezi kadhaa baadaye, jina la msichana mmoja lililetwa mbele ya kikao. Mzee alisimama.

"Ndugu zangu, nami ninameza dawa hizo. Aliyenipa nafasi benchini ni yule tuliyemfukuza hapa."

Wawili walitoka nje. Waliosalia waliinamisha vichwa, na jina la msichana halikutajwa tena.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa takriban asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay, na asilimia 13 wa Migori, walikuwa wakiishi na VVU, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Leo inajulikana kwamba anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Kwa hiyo, neno linalomfanya mgonjwa aifiche dawa yake humdhuru yeye na wengine pia.

Siku iliyofuata kikao kile, mzee alikwenda kwa shemejiye kuomba radhi. Alimkuta akianika omena juu ya wavu. Alijieleza kwa kirefu, sauti ikitetemeka. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta mikono.

"Shemeji," akasema, "umekwisha kumeza dawa ya asubuhi?"