Betri Huumwa Kabla ya Kufa

Huku Mwamanyili, wilayani Busega, gari likigoma kuwaka alfajiri vijana wa kusukuma hawakosekani. Kwa gari la gia za mkono msaada huo unatosha: dereva anaachia klachi, injini inashika, safari inaanza. Langu ni la otomatiki, halisukumiki, na ndilo linalopeleka watu Magu na Mwanza, na usiku mwingine mama aliyeshikwa na uchungu. Ndiyo maana namshukuru Mungu kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari, aliyebadilisha kabisa namna ninavyoitazama betri.

"Mwanangu," aliniambia, "betri haifi ghafla. Huumwa kwanza, na ugonjwa wake unasikika."

Nikaanza kusikiliza. Asubuhi stata inazunguka kwa uzito kuliko wiki iliyopita. Taa za dashibodi zinafifia ukiwasha. Siku nyingine unasikia tk-tk-tk tu. Hapo mzee alikataa nikimbilie dukani. Kwanza tazama vichwa vya betri: vikiwa na unga mweupe au wa kijani, au vibanio vimelegea, umeme haupiti hata kama betri ni nzima. Fungua upande wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, kaza. Lakini betri ikiwa imevimba ubavuni, au inanuka kama yai viza, hakuna mjadala: itoke. Wala usiisogelee na sigara, maana betri hutoa hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo hulipuka.

Kilichonibadilisha zaidi ni mita. Betri ya gari ina seli sita, kila moja ikitoa kama volti 2.1, kwa hiyo iliyojaa husoma 12.6 hivi. Napima alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, kwa sababu ukipima mara tu baada ya safari namba hudanganya. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 ni karibu tupu. Kisha mtu anawasha huku mimi nikitazama mita: betri iliyojaa chaji ikishuka chini ya 9.6 stata inapozunguka, imechoka. Mwisho napima injini ikiunguruma. Inatakiwa kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, betri haina kosa; altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Kipimo hiki cha mwisho nakithamini kuliko vyote. Watu wangapi wamenunua betri mpya, na baada ya siku chache nayo ikalala, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye altaneta!

Mzee alinifundisha pia kuhusu jua letu. Nchi za baridi, betri huonyesha udhaifu wake majira ya theluji. Huku joto la boneti ndilo linaloila: maji ndani yanakauka, sahani za risasi zinaliwa na kutu. Betri inayoweza kumaliza miaka mitano penye ubaridi, huku ikipita mitatu naanza kuiangalia kwa makini. Tarehe ya kununua naiandika kwa rangi juu yake siku hiyohiyo. Kwa betri yenye vifuniko, kinachoongezwa ni maji ya betri yasiyo na chumvi. Si ya kisima, na si asidi. Asidi haikauki kama maji, na ukiizidisha unaharakisha kifo.

Na ile iliyokufa? Siiachi nyuma ya nyumba watoto wanakochezea, wala simruhusu mtu kuivunja apate risasi. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwatia watoto na watu wazima sumu ya risasi. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano na kupewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Tangu nijue habari hizo, betri ya zamani naipakia ikiwa imesimama wima, asidi isimwagike, namkabidhi muuzaji ninayenunua kwake mpya, na bei inapunguzwa kidogo.