Barua Chini ya Redio

Msomaji, ukitaka kujua jinsi nyumba inavyopotea, usianze na mnada. Dalali ndiye mtu wa mwisho kufika. Anza na hesabu, hata kama wewe pia ulikimbilia ushairi ili kuihepa hisabati.

Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja kubwa hapa Nairobi. Mwaka 2017 alikopa shilingi 3,200,000, akajazia akiba yake ya sacco, akanunua nyumba ya vyumba vitatu huko Komarock. Alipe kwa miaka 20. Siku hizo sheria ya mwaka 2016 ilikuwa imezifunga riba kamba, na yake ilikuwa asilimia 14. Kila mwezi, shilingi 39,800 hivi. Sisi watoto tulichojua ni kimoja tu, kwamba tumeachana na nyumba za kupanga. Tuliwaringia wenzetu, mazee!

Sasa tazama. Mwezi wa kwanza, katika zile 39,800, riba ilikula zaidi ya 37,300. Kilichopunguza deni ni kama 2,500, bei ya viatu vya mtumba. Kwa miaka mitatu baba alilipa mara 36, jumla zaidi ya shilingi milioni 1.4, na deni likapungua kwa 110,000 tu. Hapakuwa na wizi. Mkopo mrefu ndivyo ulivyo: riba hutozwa juu ya deni lililobaki, na mwanzoni deni karibu lote limebaki. Hesabu hii niliifanya mwenyewe nyuma ya mswada wa hadithi fupi, nikairudia mara tatu kwa kutoamini.

Mwaka 2020 ikaja Korona. Hoteli ikafunga milango. Benki Kuu ikaruhusu mabenki yawape wateja nafuu ya hadi mwaka mmoja, na mtaani watu wakaiita msamaha. Msamaha gani! Malipo yalipumzika, riba haikwenda likizo. Baba aliporudi kulipa mwaka 2021, sasa akipika katika mkahawa mdogo, deni lilikuwa limepita milioni 3.5. Alidaiwa kuliko siku aliyokopa. Na ile sheria ya kufunga riba ilikwisha kufutwa Novemba 2019. Kuanzia Mei 2022 Benki Kuu ikaipandisha riba yake ya msingi, kutoka asilimia 7 hadi 13 ilipofika Februari 2024. Ya baba ikaifuata, ikagonga 18. Malipo ya mwezi yakawa zaidi ya 55,000. Mshahara wa mkahawa haukufika huko hata ukiusimamisha juu ya stuli.

Mzee hakusema kitu. Alitoka alfajiri, akarudi usiku, akaketi kusikiliza habari. Redio yetu ina kitambaa cha kufuma ambacho mama hukifua kila mwisho wa mwezi, na ni mama aliyezikuta: barua tano, tatu hazijafunguliwa. Hakupiga kelele. Alizipanga mezani kwa tarehe, kama mtu anayepanga karata. Mwaka 2017 yeye pia aliitwa benki kutia sahihi, maana nyumba ya mke na mume haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wawili.

"Baba Wanjiru," akasema, "mimi nilitia sahihi nyumba. Sikutia sahihi kunyamaziwa."

Baba akajibu, "Nilitaka niitatue kwanza, ndiyo niwaambie."

Nina hakika alisema kweli. Lakini barua ya benki huhesabu siku, ifunguliwe isifunguliwe. Jirani yetu mmoja, karani katika ofisi ya wakili, alitufafanulia. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, benki hutoa kwanza ilani ya miezi mitatu, ikieleza kosa na kiasi cha kulipa. Zikiisha, hutoa nyingine ya kuuza, siku 40. Halafu dalali naye hutoa yake, siku 45 za kukomboa, kisha tangazo gazetini. Nyumba lazima ithaminiwe, na ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki ndiyo itakayotakiwa kujieleza. Nyundo ikishagonga, basi. Waliotapeliwa katika utaratibu watadai fidia mahakamani, ila nyumba imekwenda.

Sisi tulikuwa ndani ya zile siku 40. Mthamini alikuja Jumamosi asubuhi, kijana wa rika langu, amevaa shati safi. Alipima kuta, akagonga mlango wa jikoni, akapiga picha choo. Mama akampikia chai. Nilikasirika, nikamfuata jikoni, "Mama, huyu amekuja kutuuza!" Akanijibu, "Huyu ametumwa. Peleka sukari." Kijana akanywa chai amesimama, macho chini, akaondoka bila kuaga vizuri.

Jumatatu tulikwenda benki, sote watatu. Mama ndiye aliyezungumza, na alikwenda na karatasi: nyumba tutaipangisha, kodi iingie moja kwa moja kwenye mkopo, baba aongeze 20,000, malimbikizo yagawanywe kwa miezi 24. Afisa alitaka tuuze wenyewe kabla ya mnada, ambalo kwa haki si wazo baya; bei ya mwenye nyumba huwa bora kuliko bei ya dalali. Mama akasema hilo litakuja kama hili litashindwa. Wiki mbili baadaye jibu likaja kwa maandishi, wamekubali.

Kwa hiyo sasa tunakaa vyumba viwili Kayole, na chumba changu kule Komarock analala mtoto wa mtu mwingine. Benki Kuu ilianza kushusha riba Agosti 2024, lakini riba, nimegundua, hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi.

Barua ya mwezi uliopita baba aliifungua mezani, mbele ya ugali. Akaisoma kwa sauti mpaka kwenye baki: milioni tatu, laki sita na ushei.

"Rudia hapo," mama akasema.

Akarudia, naye mama akaandika.