Mashabiki Walitaka Kuona Sura, Mtoto Alikuwa Anataka Maziwa

Mjini hapa ukijifungua halafu usipost sura ya mtoto, umejitafutia kesi. Dada mmoja mpambaji wa maharusi, jina lake kubwa tu pande za Sinza na Kijitonyama, alikaa miezi minne anampost mwanae huku uso kauziba na emoji ya kopa. Mwanzoni watu walichukulia poa, si mastaa wote siku hizi wanafanya hivyo? Baadaye maneno yakaanza. "Toa hilo kopa tumuone." "Au kafanana na jirani?" Ukurasa mmoja wa umbea ukaandika kabisa kwamba mtoto si wa yule produza anayeishi naye, ndiyo maana anafichwa.

Chini ya lile kopa kulikuwa na mdomo uliopasuka upande wa kushoto mpaka kwenye tundu la pua. Kwa ndani, juu, kaakaa nalo lilikuwa wazi. Mtaani wanaita mdomo sungura, jina ambalo wazazi wengi hawalipendi, na wana haki.

Nyumbani kesi ilikuwa nyingine. Mama mkwe alikuja na jibu mkononi: "Mwanangu, nilikukataza kuanika tumbo mitandaoni. Jicho la mtu baya." Jirani akaja na lake, kwamba lazima mama alipokuwa mjamzito alimcheka mtu mwenye hali hiyo. Dada wa watu akaamini yote mawili, akafuta picha zote za mimba. Ile ya gauni jekundu ufukweni, iliyopata laiki kibao, ikaenda na maji.

Sasa piga hesabu. Mdomo wa mtoto huungana tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa hufuata kati ya wiki ya 6 na ya 9. Wakati huo wanawake wengi hata hawajajua kama wamenasa. Picha ya gauni jekundu ilipigwa mimba ina miezi saba. Jicho gani hilo linarudi nyuma miezi mitano kwenda kupasua mdomo? Kinachosababisha mara nyingi ni mchanganyiko wa urithi na mambo mengine, kama sigara, kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, au baadhi ya dawa za kifafa. Na kuna wazazi wengi tu ambao hawana hata kimoja kati ya hivyo. Duniani inakadiriwa mtoto mmoja katika kila 700 hivi anazaliwa na mpasuko wa aina hii, kwa hiyo kwa ukubwa wa Dar, huyu hakuwa peke yake hata kidogo.

Ila mtoto aliyefichwa mashabiki huishia kufichwa na kliniki pia. Hapo ndipo ilipotaka kuharibika. Siku ya kwenda kupima uzito ilifika, dada akawaza foleni, akawaza wale akina mama wenye simu, akabaki ndani. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Mtoto ananyonya dakika 40, anachoka, analala, anaamka analia. Maziwa mengine yanatokea puani. Mama mkwe anasema tumbo linamsokota, apewe maji ya dawa.

Produza ndiye aliyevunja ukimya. Usiku mmoja alimbeba mtoto akaona amekuwa mwepesi, asubuhi akawapakia wote kwenye bajaji mpaka kliniki. Alizaliwa na kilo 3.1. Wiki ya tatu hiyo, mzani ukasoma 2.7, wakati mtoto mchanga anatakiwa awe ameshaurudia uzito wake wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili hivi. Nesi, mama wa makamo, hakushangaa mdomo hata kidogo. Alimtazama mtoto, akasema, "Huyu haumwi, mwanangu. Ana njaa."

Akawaelewesha. Kaakaa likiwa wazi, mtoto hawezi kuvuta, hewa inapita. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka: unavuta mpaka mashavu yanauma na soda haipandi. Wenye mpasuko wa mdomo peke yake wengi wananyonya vizuri tu, wenye kaakaa wazi ndio wanaoteseka. Basi dada akafundishwa kukamua maziwa, kumkalisha mtoto wima, kumnywesha kidogo kidogo kwa kikombe kidogo au kijiko, na kumcheulisha mara kwa mara kwa sababu anameza hewa nyingi. Kikombe hicho ndicho kilichomwokoa mtoto. Na mama mkwe, yule yule wa jicho baya, ndiye aliyekuja kuwa fundi wa kunywesha kuliko wote, anaamka saa nane usiku bila kuitwa.

Uzito una maana kubwa hapa, maana bila huo hakuna upasuaji. Madaktari wengi hutumia kipimo cha kumi tatu: mtoto awe na wiki 10, paundi 10, yaani kama kilo 4.5, na wingi wa damu usiopungua 10. Huyu alifika huko akiwa na miezi minne na ushee. Hela nayo haikuwa kikwazo kama walivyodhani. Smile Train, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999, hulipia upasuaji huu kupitia hospitali linazoshirikiana nazo, na kwa Dar mojawapo ni CCBRT pale Msasani.

Mdomo ukashonwa. Ndani ya wiki chache sura ilikuwa imetulia, na nyumba nzima ikaimba wimbo mmoja: amepona, post sasa, wafunge midomo. Produza akataka iwekwe ya kabla na ya baada, zikae pamoja. Dada akagoma. Sura ya mwanae si ushahidi wa kesi ya mtu. Kopa likatoka kimya kimya, bila maelezo, na aliyeuliza kuhusu kovu hakujibiwa.

Kwa waliompigia makofi, hadithi iliishia hapo. Wazazi wengi nao huishia hapo, maana uso ukishakaa sawa nani anakumbuka kaakaa? Na kaakaa ndilo la kuongelea. Halionekani kwenye picha, ila lisipofungwa kwa wakati, mara nyingi karibu na mwaka mmoja, maneno hutokea puani, na maji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio mpaka usikivu unapungua. Tarehe ya upasuaji wa pili ikaangukia Desemba, msimu wa harusi, dada ana maharusi sita wameshalipa advansi. Alirudisha za wawili, nne akampa msaidizi wake.

Sasa mtoto ana miaka miwili na miezi kadhaa, anapelekwa mazoezi ya kuongea. Herufi "b" ndiyo inayomtesa, pumzi inakimbilia puani na neno linatoka kama "m". Kwa hiyo mpaka sasa nyumba ile ina mama wawili, na mmoja wao ana ndevu, ni produza. Kila jioni anamkalisha mtoto studio, mbele ya maiki, wanarudia: ba, ba, ba. Wiki jana moja ilitoka safi. Ameihifadhi kwenye kompyuta, na amemtumia bibi yake WhatsApp.