Mkeka wa baba mdogo

Jambo hili redioni niliona haya kulisema. Mwaka jana, huku Bukavu, baba yangu mdogo alipata krize ya moyo. Alipotoka hospitali alitandika mkeka sebuleni, bibi yake akabaki peke yake chumbani. Miezi minne! Mama mdogo akadhani hapendwi tena, kumbe mzee anaogopa kufia kitandani. Mimi mtoto ningemwuliza vipi?

Aliyemfungua kinywa ni jirani, mzee mwenzake aliyekimbia vita kutoka Masisi, naye moyo uliwahi kumwangusha. Alimwuliza: unapanda ngazi za etaji mbili bila kifua kuuma wala pumzi kukatika? Basi kwa kawaida moyo unaweza na kile kingine. Akamwonya: anayetumia nitrati, dawa ile ya kuweka chini ya ulimi, asiguse Viagra, presha inaweza kuanguka mpaka kifo. Na dawa za moyo zikipunguza nguvu za kiume, usiziache, rudi kwa muganga. Walienda naye, muganga akakubali.

Jirani mwenyewe analala chumba kimoja na watoto sita. Kwake, alisema akicheka, shida si moyo.

Juzi nilipofika, mkeka ulikuwa uani, umeanikwa maharagwe.