Kabla hujauza medali ya babu, andika jina lake

Hebu tuongee ukweli kidogo. Kuna nyumba nyingi Kenya hii ambazo, ndani ya sanduku la mbao au kopo la Kimbo la zamani, kuna kipande cha chuma chenye utepe uliopauka. Hakuna anayejua ni cha nini. Mzee alikitoa vitani, wanasema. Vita gani? "Hizo za wazungu." Basi, stori imeishia hapo.

Mimi hii ndiyo kazi yangu siku hizi. Nakusanya medali na beji za majeshi, nazitambua, halafu natengeneza video kuzihusu. Chuo niliacha mwaka wa pili, na kabla hujaniuliza, hapana, kozi niliyokuwa nafanya haikuwa na uhusiano wowote na haya mambo. Nimejifunza kwa macho, rula, sumaku na lenzi ya kukuza. Nimeshika vitu vya Uingereza, Italia, Ujerumani, Urusi na Marekani. Lakini zinazoninyima usingizi ni zile za hapa kwetu, za wazee wa Keya, yaani King's African Rifles. Na kuna moja hasa ambayo watu hunitumia picha yake karibu kila wiki.

Ni nyota ya pembe sita, rangi ya shaba iliyokolea manjano. Katikati ina taji na herufi GRI na VI, za Mfalme George wa Sita, na kuzunguka hapo kuna maandishi. Yakisema 1939–1945 Star, utepe wake una rangi tatu zilizolingana: bluu nzito ya wanamaji, nyekundu ya jeshi la nchi kavu, bluu hafifu ya wanahewa. Yakisema Africa Star, utepe ni rangi ya mchanga wa jangwani na mstari mwekundu katikati. Yakisema Burma Star, utepe ni bluu nzito, nyekundu katikati, na mistari miwili ya chungwa ambayo inasemekana ni jua. Utepe ukiwa umeoza, usijali, soma chuma.

Sasa ukizipanga pamoja zinaanza kuongea. Africa Star ilitolewa kwa waliohudumu kati ya tarehe 10 Juni 1940, siku Italia ilipoingia vitani, na 12 Mei 1943. Haikuwa ya Misri na Libya peke yake, vita vya Ethiopia na Somalia vilihesabiwa pia. Kwa hiyo mzee wa Keya mwenye Africa Star na Burma Star kwa pamoja, kuna uwezekano mkubwa alipita Ethiopia akiwafukuza Waitaliano mwaka 1941, halafu akapandishwa meli kwenda Asia. Kule Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa na beji ya kichwa cha kifaru begani, ilisukumana na Wajapani kwenye Bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika yenyewe, matope hadi magotini, mpaka ikafika mto Chindwin. Yote hayo unaweza kuyasoma kwenye vipande viwili vya chuma visivyojaza kiganja.

Kitu kimoja huwezi kukisoma. Igeuze hiyo nyota. Nyuma ni laini kabisa. Hakuna jina.

Na hii haikuwa desturi ya tangu zamani. Medali za Waingereza za Vita vya Kwanza zina jina. Ile ya fedha ya 1914–1918, na ile ya shaba ya Ushindi yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua, zote ukizungusha ukingo wake polepole kwenye mwanga utaona namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Baada ya Vita vya Pili, Uingereza iliamua nyota zake zitoke bila jina. Australia na Afrika Kusini wakaamua tofauti, wakaandika majina ya askari wao. Wasovieti nao walipiga namba nyuma ya nishani kama ile ya Nyota Nyekundu, kwa hiyo hata leo namba hiyo inaweza kukupeleka kwenye faili ya mtu mmoja, na siku aliyofanya tendo lililompa nishani. Sisemi Waingereza waliwaonea Waafrika peke yao, kwa sababu hata kijana wa Manchester alipata nyota tupu vilevile. Lakini yule wa Manchester ameacha cheti cha kuzaliwa, picha, barua na gazeti la mtaa wao. Mzee wetu aliacha nini? Aliacha watu wanaomkumbuka. Hao ndio faili yake, na wanazeeka.

Ukipita Kenyatta Avenue pale Nairobi utaona zile sanamu za askari, na maandishi chini yake, Kiswahili kikiwemo, yanayoahidi kwamba jina la aliyekufa akipigana litabaki kwa watoto wake. Waliokufa Vita vya Pili bila kaburi wana angalau ukuta, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road. Humo kuna vijana wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliotoka Mombasa kwenye meli SS Khedive Ismail na kuzamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944. Majina yamechongwa, yanasomeka. Aliyerudi nyumbani mzima, akalima, akazeeka, huyo ukuta hana. Ana nyota tupu kwenye kopo la Kimbo.

Mwaka jana kijana mmoja wa rika langu alikuja na bahasha kutoka Kitui. Ndani, Burma Star na War Medal, ile ya duara yenye simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Dada yake alikuwa anaingia kidato cha kwanza na broka mmoja alikuwa amemwambia hizo ni fedha tupu, atapata mamilioni. Jamani, hawa ni ndugu wa wale matapeli wa rupia za zamani. Nikamwambia ukweli: nyota si fedha, na War Medal iliyotolewa Uingereza ni aloi ya shaba na nikeli (zile za Kanada ndizo za fedha). Zilitengenezwa nyingi sana. Zote mbili, bila jina, bei yake haifiki karo ya muhula mmoja.

Halafu nikamuuliza, babu alikuwa anaitwa nani? Akajua jina moja tu, la ukoo. Nikamwambia apige simu nyumbani. Alipiga kwa shangazi ya mama yake, nyanya wa miaka themanini na ushei, akaweka spika. Yule nyanya alitaja majina yote matatu bila kusita. Akasema alikuwa dereva wa lori, alirudi na blanketi la kijivu na kovu mguuni la ruba, na kwamba mvua kubwa ikinyesha usiku alikuwa halali. Anatoka kitandani, anakaa mlangoni mpaka ikatike. Wao kama watoto walidhani analinda mbuzi.

Yule kijana hakuwahi kusikia hiyo stori hata siku moja. Na angeuza nyota ile asubuhi kabla ya ile simu, hakuna mtu duniani, si mimi, si mtaalamu wa London, ambaye angeweza tena kuiunganisha na yule mzee wa mlangoni. Ingekuwa Burma Star nambari sijui ngapi kwenye trei la mnada.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Sitakwambia usiuze. Karo ni karo, na bili ya hospitali haingojei historia. Nachosema ni kwamba jina liandikwe kwanza. Mimi mwenyewe sinunui medali kutoka kwa familia kabla hatujaandika jina kamili, kijiji, kikosi kama kinajulikana, na nani aliyesimulia. Karatasi moja inabaki nyumbani, nyingine inaenda na medali. Na kibiashara pia ina maana: medali yenye jina na cheti cha kuachishwa jeshi huwa na bei nzuri kuliko yatima.

Kuna ile nyingine sasa, ambayo tatizo lake ni kinyume. Ina jina, na familia ingependa isiwe nalo.

Africa General Service Medal. Ni ya fedha, utepe wa manjano wenye pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani, na kwenye utepe kuna kibao chembamba kilichoandikwa KENYA. Hiyo ni ya Hali ya Hatari, kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956. Msichana mmoja wa Nyeri alinitumia picha ya ukingo wake, jina la guka yake limesomeka vizuri pamoja na KAR. Upande wa mama yake, guka mwingine alifungwa Manyani. Mjomba alitaka kitu hicho kitupwe chooni. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: "Guka aliua watu wetu?"

Medali haiwezi kujibu hilo, na mimi pia siwezi. Inasema alihudumu, na kikosi gani. Haisemi kama alilinda daraja, alipika, au alifyatua. Lakini nilimwonyesha jambo moja. Medali hiyo hiyo, utepe huo huo, ilianzishwa mwaka 1902, na moja ya vibao vyake vya mwanzo imeandikwa NANDI 1905–06. Huo ndio msafara ambamo Koitalel arap Samoei aliuawa, tarehe 19 Oktoba 1905. Nusu karne baadaye waliirudisha ile ile kwa ajili ya Mau Mau. Waliokuwa msituni hawakupewa utepe wowote. Uingereza ilisubiri mpaka 2013 kukubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa, na sanamu ya Uhuru Park ikazinduliwa 2015.

Ndiyo maana nilimwambia asiitupe. Usiivae, usiitundike sebuleni kama inakuchoma, lakini usiitupe. Huo ni ushahidi wenye jina, ulioandikwa na serikali iliyotoa amri. Ukiutupa chooni umemsaidia nani? Mjomba bado hakubaliani nami, na ana haki yake.

Vitu vidogo vya haraka kwa wale mnaoanza. Usisugue medali na Brasso, utafuta maandishi ya ukingo na thamani pamoja. Kwenye beji za Kiingereza angalia taji: likiwa na matao yaliyopanda juu kama kuba ni la wafalme, 1901 hadi mwanzo wa miaka ya 50, likiwa limebonyea katikati ni la Malkia Elizabeth. (Charles amerudisha lile la kuba, kwa hiyo angalia pia upya wa chuma.) Msalaba wa Chuma wa Kijerumani halisi kwa kawaida una kiini cha chuma, sumaku inaushika. Uso wenye vishimo vidogo kama uji uliochemka ni wa kumwagwa kwenye kalibu, wa bandia. Medali ya Ushindi ya 1914–1918 yenye mungu wa kigeni badala ya mwanamke mwenye mabawa si feki, ni ya Japani au Siam, na ukiipata nipigie mimi kwanza. Na tafadhali, sare na beji za KDF za sasa ziache kabisa. Raia kuvaa vitu hivyo ni kosa, na mimi sitakuja kukutoa seli.

Yule kijana wa Kitui aliuza War Medal, akabaki na nyota. Mlio na kitu nyumbani, pigeni picha mbele, nyuma na ukingo, mchana, bila flashi. Lakini kabla ya picha, mpigie yule nyanya.